Mwalimu Aliyetufundisha Kuteremka

Kwa miaka mingi Mwalimu hakuwahi kukutana nami bila kuniuliza gia ilikuwa wapi. Tulikuwa majirani hapa Makole, nyumba yake na hii niliyopanga mimi zimepeana migongo, kwa hiyo tulionana mara kwa mara: dukani, kwenye foleni ya maji yanapokatika, nje ya kanisa. Namwambia shikamoo Mwalimu, anaitikia marahaba, anavua kofia, anaitazama kwa ndani, halafu anauliza taratibu, "Binti Chupa, gia ilikuwa wapi?" Namjibu kwamba sijui. Anatikisa kichwa, anauliza mtoto anaendeleaje shuleni, tunaachana.

Nilikuwa najua. Mume wangu, baba Neema, alifia kwenye mteremko wa kutoka Kibakwe akiwa na lori lililojaa mahindi ya kupeleka sokoni Kibaigwa. Lori lilimshinda, likaingia korongoni. Nilipofikishwa pale, kabla halijaburutwa, niliingiza mkono kwenye dirisha la dereva nikakishika kijiti cha gia. Mimi ni fundi, kazi yangu ni injini za dizeli, na mtu wa kazi hii akishika kijiti cha gia anajua kiko wapi hata akiwa amefumba macho. Nilijua, nikautoa mkono, nikaondoka. Mwalimu alikuwa wa kwanza kuniuliza, palepale msibani, na sikumjibu. Sikumficha kwa chuki. Tangu siku ile sikuwa na chuki wala huzuni ya kuweza kuwaonyesha watu. Nilikuwa nakula, nalala, naenda gereji, narudi. Watu walisema nimejikaza. Mimi sikuona ndani yangu kitu cha kukaza.

Nieleze kwanza Mwalimu alivyokuwa, maana wengi waliomjua walimcheka, na mimi ni mmoja wao.

Alitufundisha injini katika chuo kimoja cha ufundi hapa Dodoma, na katika injini alijali jambo moja tu, mafuta. Nguvu, mwendo kasi, gari kupendeza, hayo yote aliyaita mapambo. "Gari ni la kufika," alikuwa akisema, "na ufike mafuta yamebaki." Somo la kwanza kabisa alitupanga kuizunguka injini iliyofungwa kwenye meza ya chuma, akaiwasha, akatuamuru tufumbe macho. "Sikilizeni. Ikilia, inakula. Ikitulia, imeshiba. Mkija kusahau yote niliyowafundisha, hili msilisahau." Wasichana tulikuwa wawili tu darasani. Mwenzangu alicheka, akatolewa nje. Upande wa pili wa meza alisimama kijana mmoja amefumba macho kwelikweli, uso umekunjamana kwa kusikiliza, na mimi nikafumbua jicho moja kumtazama. Ndiye aliyekuja kuwa baba Neema.

Sikio la Mwalimu halikuwa na likizo. Katikati ya mahubiri lori likipita barabarani, alikuwa akiinua kidole na kunong'ona, "Nozeli ya huyo inatema dizeli," mpaka mkewe amfinye. Mfukoni alikuwa na kitambaa cheupe ambacho hakikuwa cha kufutia jasho. Alikuwa akikisogeza nyuma ya bomba la moshi la gari la mtu, anakihesabia pumzi kidogo, kisha anamletea mwenye gari doa jeusi. "Hii ni dizeli uliyoinunua ukaitupa," anamwambia. "Hata kuungua haijaungua." Mkewe ndiye aliyekuwa akikifua. Siku moja alimwambia mbele yetu kwamba hajawahi kumwona mwanamke mwingine anayefulia magari ya watu wasiomjua.

Harusini alikuwa kero. Magari ya msafara yakisimama kumngoja bibi harusi, injini zikiwa zinaunguruma na muziki umefunguliwa, Mwalimu alikuwa akipita moja baada ya jingine ndani ya suti yake ya kijivu, akigonga vioo. "Zima. Bibi harusi hajamaliza kupambwa. Zima." Wapiga picha wamemnasa katika albamu za nusu ya Makole, amewapa mgongo, kidole kimekunjwa anagonga kioo. Kwenye albamu yetu yumo. Serikali ilipohamia huku na mji ukajaa magari ya ofisini, alipata kazi mpya: madereva wanaolala ndani ya magari mchana kutwa wakiwasha kiyoyozi.

"Mzee, hayo mafuta wala si yangu," dereva mmoja alimwambia akipiga miayo.

"Najua. Yangekuwa yako ungezima."

Nyumbani kwake hali ilikuwa hiyohiyo. Maharage yakishachemka sana alikuwa akiyaepua, anaifunga sufuria kwenye blanketi zito na kuiweka kwenye kikapu, yajimalizie kwa joto lake. Mkewe alilalamika kwamba maharage ya nyumba ile yamevaa blanketi kuliko watoto. Yalikuwa yanaiva vizuri. Mama yule aliniambia hivyo mwenyewe, ila alinionya nisimwambie Mwalimu, atavimba kichwa.

Na mtu huyohuyo alikuwa na pikapu ya petroli ya siku nyingi uani, ya kabureta, iliyokuwa haitoki hata mlangoni. Kila Jumapili akirudi kanisani alikuwa akiiwasha na kuiacha ikiunguruma huku anakunywa chai kwenye kigoda pembeni yake. Anayegonga vioo vya watu, lake linachoma petroli limesimama. Tulimtania sana kwa hilo. Alikuwa akijibu kwamba gari lisilokwenda popote halipotezi safari, jibu ambalo darasani angempa mtu sifuri. Baada ya mkewe kufariki aliendelea vilevile, kigoda na chai na mlio, na mimi upande wa pili wa ukuta nikifua niliusikia mlio ule nikajua ni Jumapili.

Alikuwa mkali, nisije nikampamba. Majina yetu hakuyashika. Alituita kwa makosa yetu au kwa jambo tulilolifanya mbele yake, na jina hilo unabaki nalo mpaka uzeeni. Yupo bwana mmoja mwenye gereji kubwa mjini, wafanyakazi wake wanamwogopa, Mwalimu aliendelea kumwita Boliti Mbili kwa sababu siku ya mtihani alifunga injini akabakiza boliti mbili mezani. Mimi kuitwa Binti Chupa kuna habari yake, na habari hiyo ndiyo inayonifikisha kwenye mteremko.

Mwaka wetu wa kwanza Mwalimu alitufundisha kuteremka. Alisema gari likishuka mlima likiwa kwenye gia, magurudumu yanaizungusha injini kwa nguvu, nayo inaendelea kuvuta mafuta ingawa mguu umeuinua. Ukiweka nyutro, yaani ukiachia gia, injini inatulia, inaonja kidogo tu, na gari linashuka kwa uzito wake. "Mteremko ni wa bure," alisema. "Mungu ameutoa bure, wewe unaulipia kwa nini?" Kwa magari ya petroli ya kabureta aliyojifunzia yeye, hakukosea sana. Kijana mmoja aliuliza kama na malori ya dizeli ni hivyohivyo. Mwalimu akasema injini ni injini.

Alikuwa ameshalifundisha hilo miaka mingi kabla yetu, na nusu ya madereva wa barabara ile ya kwenda Dar walilipata kwake. Liliwakaa vizuri, kwani desturi ya malori ya mahindi ni kwamba tajiri anampa dereva mafuta ya safari, na yatakayobaki kwenye tangi ni ya dereva. Kila mteremko unaoushuka umeachia gia unakuwa chakula cha nyumbani. Hakuna aliyehitaji kuambiwa mara mbili.

Halafu mwaka wa pili mwalimu mwenzake alirudi kutoka kozi na habari nyingine. Alisema injini ya dizeli ukiinua mguu gari likiwa kwenye gia mteremkoni, pampu inafunga mafuta yenyewe, haipeleki hata tone. Ni ukiweka nyutro ndipo inapolazimika kupeleka kidogo ili injini isizime. Mwalimu wetu alibishana naye ofisini, kwenye korido, kando ya bomba la kunawia mikono. Kisha siku moja aliacha kubishana akaenda kutafuta chupa.

Ilikuwa chupa ya plastiki ya juisi, nyeupe ya kuona ndani. Aliichora mistari kwa kalamu ya wino mzito, akaitoboa kifuniko, akapitisha mipira miwili: mmoja wa kupeleka dizeli kwenye injini ya gari la chuo, mwingine wa kurudisha iliyozidi. Kila tone ambalo injini ingelila lingeonekana limepungua pale. Tulikwenda kwenye mteremko mrefu nje ya mji. Baba Neema aliendesha, maana alikuwa dereva mzuri kuliko sote, alishaendesha lori la mjomba wake kabla ya kuja chuo. Mimi niliketi katikati nimeipakata chupa. Mwalimu aliketi dirishani, lakini nje hakutazama.

Tulishuka mara ya kwanza tukiwa nyutro. Gari lilikwenda kimya, tamu kabisa, na dizeli kwenye chupa ikashuka polepole. Tukapanda tena, tukashuka tukiwa kwenye gia. Injini ililia, ukisikiliza unasema sasa chupa itakauka. Mstari wa dizeli haukusogea. Nilidhani naishika vibaya, nikaiinua usawa wa macho. Haukusogea. Mwalimu akasema turudie. Tulirudia mpaka baba Neema akaomba maji. Wakati wa kurudi Mwalimu alisema neno moja tu, akilitazama dirisha.

"Sikio limenidanganya."

Kesho yake alisimama mbele ya darasa akatuambia tufungue madaftari tuliyoandikia mwaka jana. "Nilichowafundisha kuhusu kuteremka, futeni. Dizeli ikiwa kwenye gia haili. Na kuna jambo kubwa zaidi. Gari likiwa kwenye gia, injini inakusaidia kulishika. Ukiliachia, umelishika kwa breki peke yake, na breki zikishapata moto zitakukana." Akapita meza kwa meza kuhakikisha tumefuta. Sijamwona mwalimu mwingine akifanya vile, na siku ile hata hatukumcheka.

Waliokwishamaliza chuo hakuwa na daftari lao la kufuta. Ndipo alipoanza safari za Kibaigwa. Kila Jumamosi alipanda basi na chupa yake kwenye mfuko wa kitenge, akashuka sokoni, akazunguka kati ya malori yanayongoja kupakia, madalali wakipiga kelele na vumbi la mahindi likimkalia kwenye nyusi. Nilimsindikiza mara kadhaa, kwanza kama mwanafunzi, baadaye kama mke wa dereva. Mazungumzo yalikuwa yaleyale.

"Shikamoo Mwalimu! Leo umekuja na chupa tena?"

"Marahaba. Mteremkoni unafanyaje?"

"Kama ulivyotufundisha. Tunaachia, tunashuka na neema ya Mungu."

"Nilikosea. Usiachie. Weka gia, inua mguu, pampu inafunga yenyewe."

"Lakini Mwalimu, ikiwa kwenye gia inalia! Na ikilia inakula, si wewe uliyetuambia?"

"Niliwaambia."

"Sasa kati ya sikio langu na chupa yako, niamini kipi?"

"Chupa."

"Ndiyo, Mwalimu."

Ndiyo, Mwalimu, ndiyo ilikuwa namna yao ya kumuaga. Walimpa mikono yote miwili, walimnunulia soda, walimtafutia kiti kwenye kivuli cha lori, na heshima yao haikuwa ya uongo. Kisha mteremko wa kwanza waliachia. Baba Neema naye alimjibu hivyohivyo, nikiwa nimesimama pembeni. Jioni nilimuuliza anawezaje, wakati yeye mwenyewe ndiye aliyeendesha siku ile ya chupa.

"Niliona," alisema. "Sikatai. Lakini lile lilikuwa gari dogo, tupu. Lori lina mzigo, linalia mpaka roho inauma, mama Neema. Nikiachia, kimya. Pale ndipo na mimi napumzika."

Nilimweleza tena habari ya breki. Akasema ndiyo, Mwalimu, tukacheka wote wawili.

Mimi siwezi kuendelea sana na habari ya siku ya ajali yenyewe zaidi ya nilivyokwisha kusema. Lori lilikuwa korongoni, magunia yamepasuka, watu wa jirani walikuwa wanaokota mahindi na waliponiona wakaacha. Breki zilinuka bado. Kijiti cha gia nilipokishika kilicheza huku na huku bila kushikwa na kitu. Kikicheza vile ni nyutro.

Msibani Mwalimu alikuja kwa miguu, akakaa na wanaume, akanywa uji. Baadaye aliwaacha akaja tulipokaa wanawake, jambo ambalo halifanywi, akainama mbele yangu. Nilidhani atasema pole. Akaniuliza, kwa sauti ya chini, gia ilikuwa wapi. Shangazi yangu alivuta pumzi, akasema huyu mzee vipi, hana hata aibu. Nilitazama viatu vyake vilivyojaa vumbi. Nikasema, "Sijui, Mwalimu."

"Ukijua, utaniambia," alisema, akarudi alikokuwa.

Watu walimsema sana kwa hilo. Mimi nilielewa alichokuwa anapima. Gia ikiwa imeingia, basi ni breki mbovu, au mzigo, au siku yake ilifika. Gia ikiwa nyutro, ni somo la mwaka wa kwanza ndilo lililomuua, na Mwalimu ndiye aliyelitoa. Alikuwa anataka kuangalia mstari umesimama wapi, na mimi nilikuwa nimeishika chupa mara ya pili. Ningependa kusema nilinyamaza kwa kumhurumia. Si kweli. Nilinyamaza kwa sababu kusema kungehitaji niwe nataka kitu, ama aumie ama asiumie, na sikuwa nataka chochote. Nilikuwa naamka, natengeneza nozeli za watu, nampikia mtoto. Mwalimu aliuliza, nikasema sijui. Yeye alistaafu, akazidisha safari za Kibaigwa hata siku zisizo Jumamosi, na wale vijana wapya ambao hawakuwahi kusoma kwake walimwita Mzee Chupa na kumjibu ndiyo, Mwalimu, kwa kuwasikia wakubwa wao.

Kuna siku nilikutana naye dukani, nikamsalimu, akaitikia, akavua kofia, akaitazama. Nikasubiri. Akaniuliza mtoto anaendeleaje shuleni. Nikasubiri tena, mwenye duka akaniuliza nataka nini. Mwalimu alikuwa ameshaondoka na sukari yake.

Binti yake mkubwa alihamia kumtunza. Aliniambia juu ya ukuta, tukianika nguo, kwamba baba anasahau. "Ya zamani anayo yote, mama Neema. Anakuambia hata rangi ya meza ya darasa. Ya karibuni ndiyo yanamtoka." Jumapili alikuwa akiiwasha ile pikapu, anaenda kulala, inaunguruma mpaka petroli iishe. Binti akaitoa betri. Baada ya hapo alikuwa akikaa na chai yake pembeni ya gari lililonyamaza, ametega sikio vilevile. Safari za Kibaigwa zilikoma kwa sababu siku moja alishushwa njiani hajui anakwenda wapi.

Nilishangaa nilivyolikosa swali lake. Watu wengine wote walikuwa wameshaacha kunitajia baba Neema, kwa wema wao, ili nisiumie. Mwalimu ndiye pekee aliyekuwa akinisimamisha njiani na kumtaja, hata kama alimtaja kwa gia yake. Sasa hakuna aliyemtaja tena. Nikaanza kufikiri kwamba ningemjibu. Nilikuwa nimechelewa, lakini kuchelewa ni kwa mtu anayesubiri, na sikuwa na uhakika kama yeye bado anasubiri mahali fulani ndani huko.

Kiangazi hiki kilichopita mwenye mashine ya kusaga huko Kibakwe alitupigia simu gereji. Injini yake ya dizeli ilikuwa inatoa moshi mweusi na kula mafuta kama haina akili. Bosi akanipa pikapu ya gereji, ya dizeli, niende. Binti wa Mwalimu aliposikia, alinifuata mlangoni. "Nenda naye, dada. Akabadilishe hewa. Akisikia injini anatulia." Nikakubali. Nilikuwa sijapita barabara ile tangu tulipomrudisha baba Neema, na nilijiambia nitamjibu hukohuko, mahali penyewe.

Mwenye mashine alitupokea kwa mbukwenyi, salamu ya Kigogo, na vigoda viwili. Nilifungua nozeli, nikaikuta inatiririsha badala ya kupuliza, nikafunga nyingine. Tulipoiwasha Mwalimu alinyanyuka bila kusaidiwa, akatoa kitambaa chake cheupe, akakisogeza kwenye bomba, akangoja. Kilirudi cheupe. Alikikunja kwa mpangilio, akakirudisha mfukoni. "Sasa imeshiba," aliniambia, na kwa muda ule alikuwa yeye kabisa. Mwenye mashine akatupa kuku, tukaaga.

Juu ya mteremko nilisimamisha gari pembeni. Nilizima injini, kwa kuwa nilijua angeniambia nizime. Korongo lilionekana kutoka pale, nyasi zimeota zikakauka, mbuzi wa mtu wanakula. Nilisema niliyokuja nayo.

"Mwalimu, ulikuwa unaniuliza gia ilikuwa wapi."

"Gia ipi?"

"Ya lori la baba Neema. Ilikuwa nyutro. Aliachia tangu huku juu."

Alitazama mbele. Nilimwona anatafuta, kwa adabu, kama anavyotafuta mgeni jina la mtu aliyemkumbatia.

"Baba Neema ni nani?"

"Mwanafunzi wako. Ndiye aliyeendesha ile siku ya chupa."

"Alikuwa anaendesha vizuri?"

"Vizuri sana, Mwalimu."

"Basi," alisema, akanipigapiga begani. "Kama anaendesha vizuri, basi hakuna neno."

Sikuhisi kitu chochote moyoni. Nilikuwa nimelibeba jibu lile miaka yote, nimelitoa, limeanguka chini, na mbuzi wanaendelea kula. Nikawasha gari. Niliingiza gia ya pili, nikainua mguu, tukaanza kushuka.

Injini ikalia. Mteremko ule ni mkali, na gia ya pili inapiga kelele mpaka vioo vinatetemeka. Mwalimu akafumba macho. Uso wake ulikunjamana kama nyuso zetu siku ya kwanza kuizunguka ile meza ya chuma, na nikajua alikuwa wapi. Alikuwa mwaka wetu wa kwanza. Mwaka wa pili ulikuwa umemtoka wote, chupa, mstari, madaftari tuliyofuta, Jumamosi zote za Kibaigwa.

"Inalia," alisema.

"Ndiyo, inalia."

"Inakula bure. Mteremko ni wa bure, unaulipia kwa nini?" Mkono wake ukaja juu ya mkono wangu, juu ya kijiti cha gia. Ulikuwa wa moto, na ulikuwa na nguvu ambazo sikuzitegemea. Alianza kukivuta kuelekea nyutro. "Iachie, binti. Iachie ipumzike."

Tulikuwa tunafika kwenye kona yenyewe, pale lori lilipoingilia korongoni. Nilikishika kijiti kwa nguvu zangu zote, na hapo ndipo nilipoanza kulia, kwa sauti, mdomo wazi, sijui nimlilie nani. Nilimkasirikia Mwalimu. Nilimkasirikia na yule mwingine, aliyependa kimya. Barabara niliiona kwa shida. Mwalimu hakugeuka kunitazama, alikuwa anasikiliza injini.

"Iachie," alisema tena, kwa upole, kama mtu anayejua kwamba mwanafunzi wake ataelewa.

"Ndiyo, Mwalimu," nilimjibu, na sikuiachia mpaka tulipofika chini.